Ndege wa Mama Katika Baridi ya Julai

Mama alipohamia kwangu Kitengela baada ya kuvunjika nyonga, alikuja na mfuko mmoja wa nguo, mkongojo, na kizimba cha ndege wawili. Nguo na mkongojo vilisafiri kwenye buti la gari. Kizimba alikipakata mwenyewe njia nzima, amekifunika kwa leso yake nzuri ya kanisani. Nilikuwa nimekipaka chumba chake rangi mpya, nimenunua godoro gumu kama daktari alivyoshauri, nimetundika pazia zito, na sasa nilisimama mlangoni nikingoja aseme chochote. Aliingia polepole, akalowesha kidole kwa ulimi, akakiinua karibu na dirisha.

"Hapa panaingia upepo," akasema. "Hawa hawatalala hapa."

Hivyo ndivyo ndege walivyopewa sebule, kwenye kona ya ukuta wa ndani, mahali ambapo siku zote palikuwa na kiti changu.

Walikuwa kasuku wadogo wa kijivu, wenye kishungi kichwani na doa la rangi ya chungwa kwenye kila shavu, kama watoto waliopakwa rangi kwa ajili ya mchezo wa shule. Dume alikuwa na uso wa manjano na kelele nyingi. Jike alikuwa mtulivu, rangi yake imefifia. Walikuwa wazee kwa umri wa ndege. Mama alikuwa amewatunza tangu walipokuwa hawajui kula mtama bila kuumwaga.

Nitasema mapema, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo: niliwaonea wivu wale ndege. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nina nyumba yangu, nina banda langu la vifaranga ambao wafugaji wa Isinya hupanga foleni kuwanunua, na niliamka kila asubuhi nikiwaonea wivu viumbe wawili wanaoweza kulala pamoja ndani ya kikombe cha uji.

Sababu ilikuwa ya zamani. Mama alifanya kazi ya nyumba Nairobi karibu maisha yake yote, kwa familia moja. Alipika, akafua, akalea watoto wao. Mimi nililelewa Ukambani na susu, mama yake mama. Mama alikuja Krismasi, akatuletea biskuti na nguo zilizowabana wale watoto wa Nairobi. Nilijua majina yao wote. Nilijua yupi hali karoti na yupi huogopa radi, kwa sababu mama hakuwa na hadithi nyingine. Nilivaa gauni la mmoja wao mpaka mshono wa kwapa ukaachia, na nilikuwa nikilinusa usiku nikitafuta harufu ya mama, nikipata ya sabuni ya kwao.

Nilipofika miaka kumi na miwili, mama akajifungua dada yangu. Safari hii wenye nyumba walimkubalia akae na mtoto katika chumba cha nyuma. Kwa hiyo dada yangu alikulia miguuni pa mama. Alikula naye, akalala naye kitanda kimoja. Watoto wa mle ndani waliponunuliwa ndege, wakawachoka baada ya mwezi, ni mama na dada yangu waliobaki wakisafisha kizimba. Familia ile ilipohama nchi, ndege hawangeweza kupanda ndege. Walimwachia mama wale kasuku na barua ya shukrani. Barua sijawahi kuiona.

Mama alipostaafu alienda kuishi Kajiado mjini, kwa dada yangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Mimi nilikuwa nimemwalika mara ngapi? Kila mara alisema, "Tutaona." Kisha akateleza, akavunjika nyonga, na nyumba ya dada yangu ilikuwa ghorofa ya tatu. Ndipo alipokuja kwangu. Kwa hiyo hata hilo sikulipata kamili. Mama hakunichagua mimi. Alichagua nyumba isiyo na ngazi.

Kila asubuhi alijikokota mpaka sebuleni, akafunua kizimba, akawainamia. "Mmelala vizuri? Hamkusikia baridi? Na wewe, mbona umenuna?" Nami nikiwa pale pale, nimeshika sufuria. Akishamaliza nao, akanigeukia: "Chai iko tayari?"

Dada yangu alikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Dume alimtambua kabla hajafungua geti. Alianza kurukaruka kwenye kijiti, akatanua mabega, akapiga mluzi wa wimbo fulani mfupi, unaopanda halafu unashuka. Mama aliniambia ni wimbo aliozoea kuupiga akianika nguo kule Nairobi. Dada yangu akiingia, aliumalizia ule mluzi kwa mdomo wake, na mama naye akaunganisha, na wote wanne wakacheka, maana hata yule jike alikuwa na namna yake ya kucheka. Mimi wimbo ule sikuwa nimewahi kuusikia. Nilikuwa naenda jikoni nakata mboga kwa kelele. Nikikaribia kizimba, dume alishusha kichwa na kunipulizia kama nyoka.

"Hajakuzoea," mama alisema.

"Nina miezi mitatu ninamlisha."

"Wanajua mtu anayewapenda."

Alisema bila ubaya wowote. Lakini neno lile nilienda nalo bandani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Halafu Julai ikaingia. Asiyekaa huku kwetu hudhani Kitengela ni jua na vumbi. Mwezi huo mbuga yote hufunikwa na ukungu, upepo unatoka Athi bila kuzuiwa na chochote, na nyumba zetu za mabati na vioo hazikujengwa kwa ajili ya baridi. Jua likijitokeza ni saa tisa, nalo linatoka kama limekopwa. Ndege wakaanza kujivimbisha manyoya, wakasimama kwa mguu mmoja, kishungi kimelala.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Kizimba kilisogezwa mbali zaidi na dirisha. Kilifunikwa pande tatu kwa blanketi, ule wa nne ukaachwa wazi ili wapate hewa. Chupa ya maji moto ilivishwa soksi, ikalazwa nje ya kizimba kwenye ubavu mmoja tu, ili anayesikia joto kupita kiasi aweze kusogea upande wa pili. Maji yao ya kunywa yalikuwa ya uvuguvugu. Waliongezewa wimbi na mbegu za alizeti, kwa sababu, alisema, ndege hujipasha joto kwa tumbo lake. Nilikuwa nafanya hayo yote kwa mikono yangu, mama akielekeza kwa mkongojo, na hakuna siku aliyosema nimefanya vizuri.

Nilimnunulia sweta. Nilienda soko la Kitengela siku ya mitumba mipya, nikachakura mpaka nikapata moja zito la sufu, rangi ya damu ya mzee, halina hata tundu. Nilimvalisha jioni ile. Asubuhi nikakuta sweta limevishwa kizimba, mikono yake imefungwa kwa nyuma kama ya mfungwa.

"Mama, hilo ni lako."

"Mimi niko na blanketi. Hawa wana nini?"

Jumapili hiyo dada yangu akaja na kifuniko alichokishona mwenyewe, cha kitambaa chenye pamba ndani, kimepimwa sawasawa na kizimba, kina kidirisha cha kufungua mbele. Mama alikishika, akakigeuza, akakilaza shavuni. Alikisifu Jumapili, akakisifu Jumatatu, Jumanne alimwita jirani aje akione. Sweta langu likarudi kitandani kwake, lina vinyesi vya ndege.

Katikati ya mwezi dada yangu akapata nyumba nyingine Kajiado, ya chini, haina ngazi hata moja. Aliitangaza mezani, na mama akaacha kutafuna. Wakati huo ilikuwa imefika zamu ya mama kwenda hospitali ya kule kwa mazoezi ya nyonga, siku tano mfululizo, na ikaonekana ni busara akae kwa dada yangu wiki ile. Ndege wangebaki. Baridi ile haikuwa ya kuwasafirisha.

Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba mama akionja nyumba ile hatarudi. Kitu pekee kilichobaki kwangu cha kumrudisha kilikuwa ndani ya kizimba. Nikaapa moyoni kwamba atawakuta wamenona, wanaimba, wana joto kuliko walivyowahi kuwa nalo kwa mtu yeyote.

Wakati wa kuondoka mama alirudia maagizo yote, kutoka la kwanza hadi la mwisho. Kisha dada yangu, akiwa ameshika mlango wa gari, akaongeza: "Na Dada, tafadhali usiwashe jiko la makaa humo ndani. Mapafu yao ni madogo sana."

"Unanifundisha mimi mambo ya joto?" nikasema. "Mimi ninayelea vifaranga tangu ukiwa sekondari?"

"Nakumbusha tu."

"Kumbusha watoto wako wa chekechea."

Mama alinitazama kupitia kioo cha gari.

Siku mbili za kwanza nilifuata utaratibu. Siku ya tatu kulianguka baridi ambayo hata wenyeji waliiongelea, ukungu mzito na manyunyu, na stima ikapotea tangu alfajiri. Ndege walikuwa wamekuwa vidonge vya manyoya. Gesi nilikuwa nayo. Ningeweza kuchemsha maji na kubadilisha chupa kila saa, kama mama angefanya. Lakini mama angefanya hivyo, na dada yangu angefanya hivyo, nami nilitaka kuwapita. Nilikuwa na jiko kubwa la udongo ninalolitumia kwenye bruda, chumba cha kulelea vifaranga. Miaka yote lile jiko limenipa vifaranga wazima. Nilisahau, au nilikataa kukumbuka, kwamba bruda langu lina wavu pande mbili juu ya ukuta, na hewa inapita humo saa zote. Sebule yangu nilikuwa nimeziba kila ufa kwa magazeti kwa sababu mama huogopa upepo.

Niliwasha makaa nje, nikangoja yawe mekundu, yasiwe na moshi, kama mtu anayejua kazi yake. Nikaliingiza jiko sebuleni, nikaliweka hatua mbili kutoka kwenye kizimba, nikafunga mlango. Baada ya dakika kumi dume alilaza manyoya. Akanyoosha shingo, akajikuna kishungi. Nilicheka peke yangu. "Mnaona?" niliwaambia. "Mnaona mtu anayewapenda?"

Nikaenda bandani kulisha. Kule nikakuta bomba la maji limeachia, nikashughulika nalo kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Niliporudi ilikuwa karibu saa kumi. Nilipofungua mlango, hewa ya mle ndani ilikuwa nzito na kichwa kikanigonga papo hapo. Dume alikuwa chini ya kizimba, amelala ubavu, mabawa nusu wazi. Jike alikuwa bado kwenye kijiti lakini anayumba, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi.

Sikumbuki nilifunguaje madirisha. Nakumbuka nimekikumbatia kizimba kifuani na niko uani, kwenye manyunyu, nikipiga kelele bila maneno. Wakati huo huo mama wa maziwa alikuwa anaingia getini na galoni yake. Ni mama wa Kimaasai anayekuja kwangu kila siku saa kumi, na hatujawahi kukutana bila salamu ndefu.

"Takwenya," alianza, halafu akaona. Akaweka galoni chini. Akachungulia mlango uliokuwa wazi, akanusa. "Umefungia makaa ndani?"

Nikamnyooshea kizimba.

Alifungua kizimba mwenyewe, akamgusa dume kwa kidole, akamwacha. Akamtoa jike. "Fungua sweta."

"Nini?"

"Fungua sweta, mama. Huyu anataka hewa, lakini ukimshika hivi kwa hii baridi, baridi itammaliza. Mwanambuzi akizaliwa kwa mvua sisi tunamweka hapa." Akajipiga kifuani.

Nikafungua vifungo. Akamweka ndege ndani ya nguo zangu, juu ya ngozi, kichwa nje kwenye kola ili apate hewa safi, akanisukuma mpaka kwenye kibaraza pasipo na upepo. Nikakaa pale. Moyo wa ndege ulikuwa unakimbia hata sikuweza kutofautisha pigo moja na lingine. Hakunipulizia. Hakuwa na nguvu za kunichukia. Mama wa maziwa alitoa jiko nje, akamwaga makaa kwenye matope, akamfunga dume kwa gazeti moja kati ya yale niliyozibia madirisha. Kisha akapima maziwa yangu kama kawaida na kwenda zake.

Nilimpigia daktari wa mifugo wa duka la agroveti ninakonunua chanjo. Alinisikiliza, akasema nilichofanya ndicho hicho hicho angeniambia: hewa safi, joto la mwili, maji kidogo, asisumbuliwe. Halafu, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, akaniuliza: "Lakini wewe si unajua haya mambo?"

Nilikaa na yule jike kifuani mpaka jua likazama. Alipoanza kusogeza miguu yake, kucha zikinikwaruza, nililia kwa furaha. Ndipo nikachukua simu.

Na hapa ndipo ninapopata taabu kusimulia. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Aliyepokea simu ya mama alikuwa dada yangu, nyuma yake nikasikia redio, vijiko, na mama akicheka, kicheko cha mtu aliyeshiba mahali pake. Nikasema, "Dume amekufa. Baridi imemuua."

Dada yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Ulimfunika na kile kifuniko changu?"

"Kile chako, ndiyo."

Sikuongeza neno. Sikuhitaji. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akianza kulia, na nikajua amejihukumu. Baadaye mama alinipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema alikuwa amemwambia dada yangu kwamba kile kitambaa ni chepesi, kwamba pamba ya siku hizi si pamba, kwamba angeacha tu lile sweta lako. Lile sweta lako. Nililala usiku ule nikiyatafuna maneno hayo matatu kama mkate wenye siagi. Kwa siku tatu nzima dada yangu alikuwa na hatia na mimi nilikuwa binti mwema aliyefanya alichoweza. Sijawahi kuwa na furaha mbaya kama ile. Nilimlisha jike wimbi mkononi, nikabadilisha chupa yake kila saa, nikampigia mluzi nisioujua. Alikuwa anamwita mwenzake kutoka alfajiri, sauti moja ile ile, halafu ananyamaza kusikiliza.

Walirudi Jumamosi. Macho ya dada yangu yalikuwa yamevimba. Mama aliketi karibu na kizimba, akaingiza kidole, jike akaja kukilalia. Mama akaanza kulia polepole, na katikati ya kulia akamwambia dada yangu, bila kumtazama, "Nilikuambia kile kitambaa hakifai."

"Ndiyo, mama," dada yangu akasema.

Hakujitetea. Tangu utotoni nilikuwa nikitamani kumwona mbele ya mama hana la kusema. Sasa alikuwa hivyo, amekaa ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti, na nilitamani ainuke anitukane.

Sitajisifu kwamba ni dhamiri peke yake iliyonifungua mdomo. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mama wa maziwa angefika saa kumi, na yeye hana desturi ya kuficha mambo. Lakini ningeweza kumngoja getini, ningeweza kumwomba. Sikufanya hivyo.

"Si kitambaa," nikasema. "Niliingiza jiko. Nilifunga mlango nikaenda bandani. Nilimuua mimi."

Mama alinyanyua kichwa. "Jiko la vifaranga?"

"Ndiyo."

"Si ulikatazwa?"

"Nilikatazwa."

"Sasa kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi, stima, manyunyu, bomba la maji. Lililotoka ni lingine. "Kwa sababu kila asubuhi unawauliza kama wamelala vizuri. Mimi hujawahi kuniuliza. Hata nikiwa mdogo. Ulikuwa unakuja Krismasi ukitueleza watoto wa watu walivyolala."

Nilidhani atanigombeza au atanikumbatia. Alitazama mikono yake, akasema, "Ningekuuliza kupitia kwa nani? Kulikuwa hakuna simu kwa susu yako. Nilikuwa nawauliza wale waliokuwa mbele yangu." Akakigeukia kizimba. "Kila asubuhi nilikuwa nafungua pazia la wale watoto, mmoja mmoja chumbani kwake, na nilikuwa nasema, mmelala vizuri? Nilisema kwa wingi. Walikuwa wananicheka, wanasema Kiswahili changu kibaya, mbona unamwambia mtu mmoja 'mmelala'." Hakusema wa pili alikuwa nani, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Dada yangu alikuwa ameinuka. "Siku tatu," aliniambia. "Siku tatu nimekuwa nikijiona muuaji. Ulisikia nikilia kwa simu. Ulisikia, na ukanyamaza."

"Nilisikia."

"Mama, chukua vitu vyako."

Na mama akavichukua. Alienda Kajiado na jike, na kifuniko, na sweta pia, nashukuru kwa hilo. Mama wa maziwa alifika wakati gari linatoka. Alisogea pembeni likapita, akanipimia maziwa, nikamwambia nusu ya kawaida inatosha.

Agosti yote nilikuwa peke yangu. Nilimpigia mama kila jioni. Mara nyingine alipokea. Aliniambia jike hali vizuri, mchana kutwa nyumba ni kimya kwa sababu dada yangu yuko kazini, na yeye mwenyewe hana sauti ya kutosha ya kumwondolea ndege upweke. Siku moja, nikiwa nampigia kutoka bandani, akasema ghafla, "Ngoja. Usizungumze. Weka simu karibu na hao vifaranga." Niliweka. Upande wa pili nikasikia jike anajibu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, anajibu na kujibu.

Kwa ajili ya sauti za vifaranga, mama na jike wakarudi kwangu Septemba, jua likiwa limeshaanza kuuma. Dada yangu alimshusha mama, akakiweka kizimba kwenye kibaraza ambapo sauti ya vifaranga inafika lakini vumbi la banda halifiki, kisha akanifuata bandani. Hakunisalimu. Aliokota brashi, akaanza kusugua vinywesheo vya maji vya vifaranga, nami nikasugua vya upande wangu.

"Alikufa peke yake?" akauliza mwishowe.

"Peke yake. Jike alikuwa kwenye kijiti."

Alisugua kinywesheo kimoja kwa muda mrefu. "Unajua tulivyokuwa tukiishi kile chumba?" akasema. "Nilikuwa sikubaliwi kulia. Nikilia, wenye nyumba wangesikia, na mama angeambiwa anirudishe Ukambani. Mama alikuwa ananiziba mdomo na mkono. Nilikuwa nikisikia habari zako, unapanda miti, unakimbia na binamu, unapiga kelele, susu anakupigia kelele. Nilikuwa nataka kuja kukaa kwenu."

"Ungekuja. Ungepewa gauni la mitumba na uji."

"Na wewe ungekuja. Ungezibwa mdomo."

Tulibishana hivyo, nani aliumia zaidi, kwa hasira ya kweli, huku maji yakitumwagikia miguuni. Hakuna aliyeshinda. Sikumwomba msamaha vizuri, nilisema "pole" nikiwa nimeinamia ndoo, naye akasema amesikia. Bado akija Jumapili na mama akamtabasamia kwa namna ile, wivu hunipeleka jikoni kukata mboga kwa kelele. Sijapona. Nadhani mtu haponi ugonjwa huo. Anajifunza tu kufungua dirisha.

Tulikuwa bado bandani mama alipoita kutoka kwenye kibaraza kwamba amekaa sana, nyonga inamkaza, mtu aje amsaidie kusimama. Sote wawili tuliinuka kwa pamoja, mikono inachuruzika maji. Dada yangu alinitazama, akarudi kuchuchumaa, akachukua kinywesheo kingine.

"Nenda wewe," akasema. "Anza na mguu wa kushoto. Huo ndio unaomuuma."